Nani huziongoza kromosomu wakati mbegu za kiume zinatengenezwa?

Swali limeletwa na mwalimu wa baiolojia anayefundisha kidato cha tano. Anasema: “Ninapofundisha meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotoa mbegu na mayai, naandika ubaoni kwamba kromosomu zinakaa jozi jozi, zinabadilishana vipande, halafu zinatengana. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: nani anaziambia? Mwingine alikuwa amesoma mahali kwamba seli huikata DNA yake yenyewe, akataka kujua kama ni kweli na kwa nini ijidhuru. Wa tatu akauliza, kama haya yote yanafanywa na vimeng’enya, kwa nini tusivizime tukapata dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Nimeahidi kuwarudia na majibu.”

Mwalimu, nianze na lile la katikati, maana mengine yote yanaliegemea. Ni kweli. Seli inayoelekea kuwa mbegu ya kiume huikata DNA yake kwa makusudi, nyuzi zote mbili kwa pamoja, na kwa panya wa maabara hufanya hivyo mara 200 hadi 300 katika kila seli. Seli ya ngozi au ya ini ikipata mikato mingi namna hiyo kwa wakati mmoja, kwa kawaida huacha kugawanyika au hufa. Hii ya korodani inaikata, inaiunga, na mwisho wake inatoa kromosomu zilizo salama, zenye mchanganyiko mpya wa jeni za babu na za bibi.

Kinachowezesha hilo ni kwamba vimeng’enya vya hatari havikuachwa huru. Kila kinachokata kina kingine kinachokiambia wapi, kingine kinachokiambia lini, na kingine kinachokiambia imetosha. Ukinitaka nikujibu kwa neno moja nani anaziongoza kromosomu, sina jina moja la kukupa. Uongozi wenyewe uko katika namna vimeng’enya hivi vinavyochungana.

Mengi nitakayoeleza yametoka kwa panya, kwa sababu kwa panya tunaweza kuiondoa jeni moja na kuona nini kinaharibika. Kwa binadamu mpangilio ni uleule kwa sehemu kubwa, na pale unapotofautiana nitasema.

Kazi inaanzia kwenye vitamini A. Kuta za mirija myembamba ya korodani zimebeba seli za mwanzo, spematogonia, ambazo zinaweza kuendelea kugawanyika kwa kawaida miaka na miaka. Ili ziingie kwenye meiosisi, vimeng’enya vya kundi la ALDH1A huigeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, na asidi hiyo huiwasha jeni iitwayo STRA8. Panya dume akinyimwa vitamini A, spematogonia zake husimama palepale. Akirudishiwa, zinaanza safari kwa pamoja. Lakini upo upande wa pili. Dume akiwa bado tumboni mwa mama yake, korodani zake changa hutoa kimeng’enya kingine, CYP26B1, chenye kazi ya kuivunja asidi hiyohiyo. Panya waliozalishwa bila CYP26B1 seli zao za kiume huanza meiosisi kabla ya kuzaliwa, kisha hufa. Kwa hiyo hata kabla kromosomu haijaguswa, tayari kuna kimeng’enya kinachotengeneza amri na kingine kinachoifuta.

Baada ya amri, seli inanakili DNA yake yote. Kila kromosomu sasa ina kromatidi mbili, yaani nakala mbili zinazofanana, zimefungwa pamoja na protini za kohesini ambazo zinazizunguka kama pete. Ndani ya kohesini za meiosisi kuna sehemu iitwayo REC8. Naomba jina hilo ulishike, kwa sababu siku kadhaa baadaye ndilo litakaloamua kromosomu ziachiane lini.

Hapo ndipo SPO11 inapoingia. Kimeng’enya hiki kilitambuliwa mwaka 1997 kwenye hamira, na asili yake ni ya kale mno: ni ndugu wa topoisomerasi ya viumbe wadogo wa kundi la akea. Topoisomerasi ya kawaida huikata DNA, huilegeza, kisha huiunga yenyewe. SPO11 inakata tu. Inafanya hivi: asidi amino moja, tairosini, iliyo katikati ya kimeng’enya inaushambulia uti wa DNA na kujiunganisha nao moja kwa moja, hivyo kimeng’enya kinabaki kimenasa kwenye ncha ya uzi kilioukata. Kwa kuwa kila SPO11 inakata uzi mmoja, zinahitajika mbili zikae ana kwa ana ndipo DNA ikatike kabisa. Mwaka 2025, karibu miaka 30 tangu itambuliwe, watafiti walifanikiwa kuisafisha SPO11 ya panya na kuiona ikikata DNA ndani ya mrija wa maabara. Walichokuta kinafurahisha mtu wa fani hii: zikiwa peke yake, SPO11 hazipendi kuungana mbili mbili. Yaani udhibiti wa kwanza umo ndani ya umbo la kimeng’enya chenyewe. Mwilini hukutanishwa na protini wenzake, wakiwemo TOPOVIBL, REC114, MEI4 na IHO1, waliokaa kwenye mhimili wa kromosomu.

Wapi ikate? Kwa panya na kwa binadamu anayeonyesha mahali ni kimeng’enya kingine, PRDM9. Kina mikono ya protini yenye zinki inayosoma herufi za DNA, na kikishapata mfuatano kinaoutaka hubandika vikundi vitatu vya methili kwenye histoni H3 iliyo jirani (histoni ni protini ambazo DNA huzungushwa juu yake), katika nafasi ya 4 na ya 36. Alama hizo mbili zikikaa pamoja, SPO11 hukata karibu hapo. Mwaka 2010 makundi matatu ya watafiti yalifikia jibu hilo karibu kwa wakati mmoja. Panya asiye na PRDM9 haachi kukatwa. Mikato inahamia kwenye milango ya jeni, mahali ambapo alama ya nafasi ya 4 huwapo siku zote kwa kazi nyingine. Idadi ya mikato haipungui sana, lakini kuiunga kunashindikana na dume anakuwa tasa.

PRDM9 nitakaa nayo kidogo zaidi, kwa sababu inatuhusu na kwa sababu vitabu vya shule havijaifikia. Mikono yake ya zinki hubadilika haraka sana katika mageuko, hata ndani ya spishi moja. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi wa Wamarekani weusi wapatao 30,000, ukaonyesha sehemu zipatazo 2,500 za kubadilishana vipande ambazo zinafanya kazi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi lakini kwa Wazungu karibu zimelala. Tofauti hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na aina za PRDM9, na Afrika ndiko aina hizo zilipo nyingi zaidi. Maana yake ni kwamba ramani ya jeni iliyochorwa kwa kutumia familia za Ulaya peke yake haitoshi kwetu, na anayetafuta jeni za magonjwa katika Afrika akiitegemea hiyo atapotea njia.

Tena PRDM9 ni miongoni mwa sababu zinazozifanya spishi zitengane. Jamii mbili za panya zilizokaa mbalimbali muda mrefu zikizalishana, madume wanaopatikana wanaweza kuwa tasa, na mwaka 2009 jeni inayohusika ilitambuliwa kuwa hii hii. Mwaka 2016 watafiti waliwawekea panya sehemu ya zinki ya PRDM9 ya binadamu, wakawazalisha kwa mpangilio uleule unaotoa madume tasa, na madume waliozaliwa wakawa na uwezo wa kuzaa. Kwa sababu PRDM9 ya binadamu haijawahi kuigusa DNA ya panya, ilikuwa inasoma mahali pamoja kwenye kromosomu ya baba na ya mama. Katika machotara wa kawaida kila PRDM9 inaonyesha sehemu kwenye kromosomu moja tu ya jozi, na mkato unakosa mwenzake wa kuungia.

Lini imetosha? Hili linashughulikiwa na ATM, kimeng’enya cha aina ya kinasi, yaani kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine. Mkato mmoja ukitokea, ATM inaamka papo hapo na kuzuia SPO11 isiendelee kukata jirani. Panya wasio na ATM walipopimwa, mabaki ya DNA yaliyonasa kwenye SPO11 yalikuwa zaidi ya mara kumi ya kawaida. Kipimo hicho kimenivutia siku zote, kwa kuwa kinaonyesha jinsi nguvu ya SPO11 ilivyo kubwa na jinsi ile mikato 200 hadi 300 ilivyo kidogo tu ya kinachoweza kutokea. ATM ndiyo inayolinda seli zetu zote dhidi ya DNA iliyoharibika na mionzi. Mtoto aliyezaliwa bila nakala nzima hata moja ya jeni hiyo hupata ugonjwa wa ubongo na kinga, na huwa katika hatari kubwa ya saratani. Korodani imekichukua kimeng’enya cha ulinzi na kukipa kazi ya kuhesabu.

Sasa sababu ya kujikata. Mkato ndio unaomsaidia kromosomu ya baba kumpata yule wa mama. Kwa mamalia, bila mikato ya SPO11 jozi hazipatani sawasawa, na panya wasio nayo walioripotiwa mwaka 2000 walikuwa tasa wote, majike kwa madume. Baada ya kukata, kikundi cha MRE11 kinaichomoa SPO11 pamoja na kipande kifupi cha DNA iliyonasa nacho, vimeng’enya vinavyoguguna DNA vinaila ncha ya uzi mmoja, na unabaki uzi mmoja mtupu wenye urefu wa herufi elfu moja hivi. Uzi huo unavishwa protini za DMC1 na RAD51, na ukiwa umevikwa hivyo unaanza kujaribu DNA nyingine mpaka ukute mfuatano unaolingana nao.

Mwanafunzi atauliza: ndani ya kiini chenye msongamano ule, unaufikiaje? Kromosomu zinachezeshwa. Ncha zake zote zimeshikizwa kwenye utando wa kiini, na kupitia protini SUN1 na KASH5 zinaunganishwa na dainini iliyo nje ya kiini. Dainini ni kimeng’enya kinachotumia ATP kutembea juu ya mirija midogo ya seli, na kikitembea kinaziburuta ncha za kromosomu huku na kule. Kwenye ncha hizo hizo hukaa CDK2. Kwa miaka mingi tuliiamini CDK2 kuwa kinasi ambacho seli haiwezi kugawanyika bila hicho. Mwaka 2003 walizalishwa panya wasio nacho kabisa, nao wakakua wazima. Walichokosa ni uzazi tu. Kazi ambayo haina mbadala wa CDK2 ilikuwa ndani ya meiosisi.

Wenza wakishapatana, protini za SYCP huwafunga kwa urefu wao wote kama zipu, na hatua ya pakitini inaanza. Kwa panya hukaa humo takriban siku 6, ilhali migawanyiko yote miwili inayofuata humalizika ndani ya siku moja hivi. Waambie wanafunzi waizingatie tofauti hiyo, maana picha za kitabu huwapa hisia kwamba kutengana ndilo tukio kubwa. Muda mwingi unakwenda kwenye kuunga.

Si kila mkato unakuwa mabadilishano ya vipande. Kwa panya dume, katika ile mikato 200 hadi 300, ni kama mmoja kati ya kumi unaofikia hapo, mingine inaungwa kimyakimya. Jozi ni 20, na mabadilishano ni 20 na ushee, kwa hiyo karibu kila jozi inapata angalau moja na haipati mengi. Uchaguzi huu unafanywa na RNF212, inayobandika protini ndogo iitwayo SUMO na kuziimarisha sehemu chache, na HEI10, inayobandika ubikwitini, protini ndogo ambayo ni alama ya kuvunjwa, ili nyingine ziondolewe. Zilizobaki zinakamilishwa na MLH1 pamoja na MLH3, na MLH3 ndiyo inayokata kwa namna ya kuvusha vipande. Kwa mwanaume hesabu hufika kama 50 kwa jozi 23.

Jozi moja ina shida yake, na hii ni ya kiume peke yake. X na Y hazifanani ila kwenye kipande kidogo cha mwisho. Kwa panya kipande hicho hakifiki hata herufi milioni moja. Mabadilishano lazima yatokee humo, la sivyo X na Y zitakwenda ovyo. Kwa binadamu tunayajua matokeo yake: karibu nusu ya watoto wenye XXY, yaani ugonjwa wa Klinefelter, wameipata X ya ziada kutoka kwa baba, na wengi wao ni pale X na Y ziliposhindwa kubadilishana vipande. Ndiyo maana seli hurundika wasaidizi wa SPO11 kwa wingi katika kipande hicho, na kwa panya mikato ya huko haiihitaji hata PRDM9.

Sehemu iliyobaki ya X na Y, isiyo na mwenza, inanyamazishwa. Kinasi iitwayo ATR inabandika fosfati kwenye histoni H2AX, protini ya MDC1 inaisambaza alama hiyo mpaka inaifunika kromosomu yote, na X na Y zinajikunja pembeni mwa kiini katika kifuko kimoja cheusi unachoweza kukiona kwa darubini ukitia rangi inayofaa. Jeni zake zinanyamaza. Kunyamaza kwenyewe kuna gharama. Kimeng’enya PGK1, ambacho seli hukitegemea kupata nguvu kutoka kwenye sukari, jeni yake iko kwenye X. Mageuko yaliacha nakala yake, PGK2, kwenye kromosomu nyingine, na nakala hiyo huwaka kwenye korodani wakati ile ya X imezimwa. Na kunyamaza kukishindikana, jeni za Zfy zilizo kwenye Y ya panya hubaki zinafanya kazi, na hizo zinatosha kuiua seli katikati ya pakitini.

Kifo hicho ni ukaguzi. Seli ambayo jozi zake hazikukaa vizuri huwa na ATR iliyotawanyika kwenye kromosomu nyingine, haitoshi kuinyamazisha X na Y, hivyo inakufa kabla ya kugawanyika. Mfano wa kufundishia ni baghala: farasi ana kromosomu 64, punda 62, baghala anabaki na 63 zisizopangana sawasawa, na kwenye korodani zake seli nyingi hukwama katika meiosisi. Kwa wanaume nao wapo ambao vipimo vyao havionyeshi mbegu hata moja, na uchunguzi wa kipande cha korodani unakuta seli zimeishia hatua hii. Wanaume wasio na mbegu kabisa kwenye shahawa ni kama asilimia 1 ya wanaume wote, kwa sababu mbalimbali, na miongoni mwa jeni zilizokwisha kuhusishwa na kukwama huku ni TEX11, iliyo kwenye X. Mwanaume wa namna hiyo ana nguvu zake zote, anasimama na kumaliza kama kawaida, wala hana dalili yoyote. Inaniuma kwamba katika nyumba nyingi mke ndiye anayezungushwa hospitali miaka mitano kabla mume hajapimwa shahawa, kipimo rahisi kuliko vyote.

Joto nalo linagusa hapa. Vipande vya korodani za panya vilivyokuzwa nje ya mwili katika nyuzijoto 34 huendelea vizuri, lakini kwa nyuzijoto 38 mikato ya SPO11 haiungwi ikaisha, na seli hukwama kwenye ukaguzi huohuo. Korodani kuning’inia nje ya tumbo kuna maana yake.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wa kwanza, aliyeuliza nani anaziambia kromosomu, hata zijue pa kuachiana. Zipu inafunguliwa kwa kusukumwa na kinasi za PLK1, Aurora B na CDK1. Zikishaachana kwa urefu, bado jozi imeshikana pale zilipobadilishana vipande, na kinachoshikilia hapo ni kohesini zilizo kwenye mikono ya kromatidi. Mkasi wake ni separasi. Muda wote separasi imo ndani ya seli lakini imekamatwa na sekurini, na CDK1 nayo huibana. Kila kromosomu ikishakuwa imevutwa pande mbili sawasawa, kimeng’enya kikubwa cha APC huzibandika sekurini na saiklini B, mwenza wa CDK1, ubikwitini, zinapelekwa kuvunjwavunjwa, na separasi inafunguka na kuikata REC8.

Hapa ndipo pana jambo ninalotamani kila mwanafunzi alione. Separasi ikikata REC8 yote kwa mara moja, kromatidi zitasambaratika na mgawanyiko wa pili utakosa cha kugawanya kwa mpangilio. Inatakiwa ikate mikononi tu na kuacha katikati, kwenye sentromia. Itajuaje, wakati REC8 ni ileile? Separasi huikata REC8 iliyobandikwa fosfati. Kwenye sentromia amekaa mlinzi, SGO2, na amekuja na kimeng’enya kiitwacho PP2A ambacho kazi yake ni kung’oa fosfati. Kinasi zinabandika, PP2A inang’oa, na REC8 ya hapo inabaki haina alama, hivyo separasi inaipita. Katika mgawanyiko wa pili ulinzi huo haupo tena, na REC8 iliyobaki inakatwa. Panya waliozalishwa bila SGO2 mwaka 2008 walionekana wazima kabisa, wakapishana na wenzao katika jambo moja: kromatidi zao ziliachana mapema, na hawakuweza kuzaa, wawe madume au majike. Kwa hiyo ukimjibu mwanafunzi wako, mwonyeshe kwamba zamu ya kuachiana imeandikwa kwa fosfati, na kuna kimeng’enya cha kuiandika na cha kuifuta vimekaa sentimita moja mbali kwenye mchoro wako wa ubaoni.

Baada ya migawanyiko, spematidi, yaani seli inayokaribia kuwa mbegu, inabidi iifungashe DNA yenye urefu wa karibu mita moja ndani ya kichwa cha mikromita 5 hivi. Kwanza vimeng’enya hubandika asetili nyingi kwenye histoni H4, protini ya BRDT inazisoma alama hizo, na histoni zinaondoka, mwishowe nafasi yake inachukuliwa na protamini, protini ndogo zinazoikaza DNA. DNA iliyokuwa imezungushwa kwenye histoni inabaki na msokoto uliozidi, na topoisomerasi II beta huikata kwa muda na kuiunga ili ulegee. Kwa hiyo seli hii inakatwa mara ya pili, safari hii bila kromosomu mwenza wa kuigwa, maana kila aina imebaki moja.

Nimalizie na dawa. Wazo la mwanafunzi wa tatu lina umri mkubwa kuliko mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchini Marekani dawa iliyoitwa WIN 18,446 ilijaribiwa kwa wanaume waliokuwa kifungoni, jambo ambalo leo lisingekubalika kwa kuwa mfungwa hana uhuru wa kukataa. Mbegu zilipungua sana, na dawa iliposimamishwa zikarudi. Ikaja kufahamika kwamba mtu aliyeimeza akinywa pombe anaumwa vibaya, ikaachwa. Miaka mingi baadaye ndipo ilipoeleweka: dawa ile ilizuia ALDH1A, vile vimeng’enya vya kutengeneza asidi ya retinoiki, na ikamzuia pia ndugu yao wa ini anayeisafisha pombe mwilini. Mwaka 2012 dawa iitwayo JQ1, inayoizuia BRDT, iliwazuia panya dume wasizae, na walipoachishwa wakazaa watoto wazima. Nyingine, YCT-529, inayozuia kipokezi cha asidi ya retinoiki, imekwisha kufika kwenye majaribio ya kwanza ya usalama kwa wanaume.

Dawa inayolenga meiosisi ina vikwazo viwili. Mirija ya korodani imezungushiwa kizuizi kati yake na damu, na dawa nyingi hazipenyi. La pili ndilo linaloniogopesha zaidi: ATM, ATR, PLK1 na separasi zinatumika mwilini kote, na ukikizuia nusu nusu kimeng’enya cha katikati ya meiosisi, unaweza kupata mbegu chache zinazopita zikiwa na kromosomu pungufu au zilizozidi. Mbegu kama hiyo ikirutubisha yai, mimba nyingi huharibika. Uzazi wa mpango unaoruhusu hilo mimi nisingeupitisha. Ndiyo sababu dawa zenye matumaini zaidi ni zile zinazoisimamisha seli kabla SPO11 haijaanza kukata, kama hizi za vitamini A, au zinazolenga mbegu iliyokwisha kukamilika ikashindwa kuogelea. Mwanafunzi wako akitaka kuifuatilia njia hiyo ya pili, aanzie kwenye kimeng’enya kinachoitwa adenili saiklasi yenye kuyeyuka: mwaka 2023 panya dume waliochomwa dozi moja ya dawa inayokizuia walikuwa na mbegu zisizosogea kwa saa kadhaa, na kesho yake uwezo wao wa kuzaa ulikuwa umerudi.